Adapta za kutia risasi ndogo ndani ya bunduki ya namba 12: ziko salama ama ni kujitafutia msiba?

#1 BinAmi_Kisauni
Salaam wadau. Ami yangu ana shamba upande wa Shimba Hills, mahindi, muhogo na minazi kidogo, na ana shotigani ya zamani ya mitutu miwili, namba 12 (hiyo ni kipimo cha upana wa mtutu, namba ikipanda mtutu wawa mwembamba), ya Muingereza, alirithi kwa babake, cheti anacho na ule ukaguzi ulotangazwa mwisho wa 2018 alipita bila shida. Hawindi jamani msinirukie, ni ya kutisha nyani, yuwapiga hewani basi. Sasa binamu yetu aliye Marekani alipokuja likizo akamletea zawadi, kiboksi, ndani mna vibomba viwili vya chuma vizito hivi, kwa nje vina umbo lile lile la risasi ya namba 12 mpaka ukosi wake, yaani ule ukingo wa kitako, lakini ndani vimetobolewa tundu dogo. Kimoja cha 410, ile nyembamba ya marisau (vile vigololi vya shotigani), kingine cha risasi ya bastola 9mm. Wasukuma kibomba ndani ya mtutu, watia risasi ndogo, wafunga, wapiga. Ami kafurahi kama mtoto wa Idi kwa sababu bega lamuuma siku hizi na namba 12 yapiga teke. Mimi ndo niko na wasiwasi. Mtutu hautapasuka kweli?

#2 Chumvi_Nyingi
Huyo binamu alipita nazo vipi pale ukaguzi wa mizigo? Mimi walinitoa achari ya maembe.

#3 Fundi_wa_Changamwe
Mimi ni mtu wa lethi miaka 22, bunduki si kazi yangu lakini chuma nakijua. Hiyo ni slivu tu, bomba la kuvalisha ndani ya bomba. Injini ya lori ikiliwa silinda twaitia slivu na lori lapanda Mariakani na tani zake hakuna kinachopasuka. Kama ni chuma kizuri na imekaa sawa bila kucheza, mzigo wa ile risasi unabebwa na adapta yenyewe, mtutu wa nje unashikilia tu. Na risasi yenyewe ndogo, baruti ndogo. Shida iko wapi? Mwambie ami apige.

#4 Mstaafu_Makupa
Fundi na heshima zako usimwambie mtu apige, wewe hutakuwa pale.

Mimi nilikuwa askari, nimestaafu. Kitambo, mlinzi mmoja wa shamba la mkonge, sitaji wapi, alikuwa na namba 12 na mfukoni ana risasi mchanganyiko, za 12 na za 20, alipewa na wakubwa wake bila kuelezwa. Usiku akasikia kitu kwenye ua, akatia risasi gizani, akafunga, akavuta, kimya. Akafungua, akatazama, chemba, pale risasi inapokaa, tupu. Akadhani hakutia. Akatia nyingine, akavuta. Mtutu ulifunguka kama ganda la ndizi, pale pale mkono wa kushoto unaposhika. Vidole viwili tulivitafuta asubuhi kwenye majani, kimoja hatukukipata.

Kilichotokea ni kwamba risasi ya kwanza ilikuwa ya namba 20. Ni nyembamba kuliko chemba ya 12, ukosi wake haukamatwi, yateleza ndani mpaka yakwama mbele kidogo kwenye koo la mtutu, pale chemba inapoanza kuwa nyembamba, na kwa nyuma huioni. Halafu ya 12 yaingia nyuma yake vizuri kabisa. Ndo maana risasi za 20 zinatengenezwa rangi ya manjano, ili hata mtu wa haraka haraka azitambue. Gizani manjano haina kazi.

#5 Fundi_wa_Changamwe
@Mstaafu_Makupa pole kwa hiyo, lakini hiyo hadithi haina adapta ndani. Yule hakuwa na adapta hata moja. Kama angekuwa nayo ile ya 20 ingekaa pahali pake na angekuwa na vidole vyake kumi. Kwa hiyo umetuletea ushahidi wa upande wangu, ahsante.

#6 Mstaafu_Makupa
Umekataa kunielewa. Nasema mtu mwenye adapta ndo mtu mwenye risasi za aina mbili mfuko mmoja. Kabla ya hicho kibomba ami alikuwa na risasi za namba 12 nyumba nzima, hata akikurupushwa usingizini hawezi kukosea. Sasa atakuwa na tatu.

#7 Chumvi_Nyingi
Hapo kwa kukurupushwa mzee kanigusa, mimi nikiamka na njaa usiku nishawahi kutia chumvi kwenye chai.

#8 MwalimuTudor
Niingie na hesabu maana naona mwaenda kwa hisia. Kinachoogopewa kwa kawaida ni presha. Kwa viwango vya Marekani presha ya juu ya namba 12 ya kawaida ni pauni 11,500 kwa inchi ya mraba. Namba 20 ni 12,000. 410 ile ndefu ya inchi 3 ni 13,500. Mwaona, risasi ikiwa ndogo presha haipungui, YAPANDA. Hapo wengi hudanganyika. Na 9mm ni 35,000, mara tatu ya namba 12.

Lakini msikimbie. Presha si sawa na nguvu. Nguvu inayosukuma kitasa cha bunduki kwa nyuma ni presha mara eneo la kitako cha ganda. Kitako cha 12 kina upana kama inchi 0.81, eneo ni kama nusu inchi ya mraba, zidisha wapata karibu pauni 5,900. Kitako cha 9mm ni inchi 0.39, eneo 0.12, wapata kama pauni 4,200. 410 haifiki hata 2,500. Kwa hiyo kwa upande wa kufunguka kwa nyuma 9mm ndani ya adapta yasukuma KIDOGO kuliko risasi yake ya kawaida. Hiyo ndo sababu hizi adapta zauzwa na watu hawafi kila siku.

#9 Fundi_wa_Changamwe
Haya! Mwalimu kaongea. Nani mwingine?

#10 MwalimuTudor
Fundi sijamaliza, mwanafunzi wangu hukatiza hivo hivo. Hiyo ni nguvu ya kurudi nyuma. Kuna nguvu ya kupanua kwenda pembeni, na hiyo yategemea unene na aina ya chuma cha adapta yenyewe. Ukuta wa adapta ukiwa hauwezi 35,000 utavimba na kuusukuma mtutu kutoka ndani, na mtutu ulipimwa kwa 12 sio kwa 9mm.

#11 RukiaHouston
Wapwani hamjambo, niko Houston huu mwaka wa tisa na bwanangu ni mchezaji wa skiti, ile michezo ya kupiga visahani vya udongo, kwa hiyo hivi vitu viko mezani kwangu kila Jumamosi hata nisipotaka. Wacha niwatenganishe maana mwachanganya vitu viwili.

Kuna zile ndefu, mirija kabisa inaingia kutoka nyuma mpaka karibu na mdomo wa mtutu. Briley wa hapa hapa Houston wazitengeneza. Zinapimwa na kukalishwa kwa ile bunduki YAKO, si ya jirani. Skiti ya Marekani ina mashindano ya 12, 20, 28 na 410, sasa mtu badala ya kununua bunduki nne anunua moja na mirija seti tatu. Watu wapiga maelfu ya risasi kwa mwaka na mirija hiyo, nimeona kwa macho yangu. Na ukiitia bunduki yawa nzito, teke lapungua zaidi.

Halafu kuna hizo fupi kama za ami, zakaa kwenye chemba tu. Ya 410 marisau yakitoka kwenye kibomba yaingia kwenye mtutu mpana kama chumba cha wageni, gesi yapita pembeni, marisau yasambaa ovyo. Kwa kutisha nyani sawa, kelele ni kelele. Lakini hiyo ya 9mm sipendi, risasi inatoka kwenye kibomba kifupi halafu inacheza ndani ya mtutu laini, haijui inaelekea wapi. Zingine nimeona za alumini, hizo bwanangu hakubali hata ziletwe nyumbani.

Na jambo moja dogo, ile bunduki ina ejekta ya kurusha maganda? Kama inayo, ukifungua itarusha kibomba chote, kizito kile, kikupige jicho.

#12 Bi_Kibokoni
Rukia mwanangu salimia watoto. Sijaelewa kitu lakini nimesoma yote.

#13 Kijana_Mtopanga
kwani hizi za 410 si ni bei rahisi? ami si ataokoa pesa

#14 RukiaHouston
@Kijana_Mtopanga huku ni kinyume. Namba 12 ndo yatengenezwa kwa wingi kwa hiyo ndo rahisi, 410 ni ndogo lakini bei yake wala usiulize. Shikamoo Bi Kibokoni, watoto wazima.

#15 BinAmi_Kisauni
Nimeshukuru wote. Nimeenda shamba jana, nimemwomba ami aitenganishe nione. Haina ejekta, yainua ganda kidogo tu walitoa kwa kidole. Kwa chini, pale mitutu inapokaa kwenye mbao, kuna maandishi madogo nimepangusa mafuta na kanga ya mkewe (nimeshatukanwa). Kuna taji, chini yake BNP, halafu .729, halafu 2½ na alama ya inchi, halafu 3 TONS na kimraba. Ni nini hiyo?

#16 Chumvi_Nyingi
Tani 3 za simiti. Ni bunduki ya ujenzi.

#17 Mkongwe_wa_Ganjoni
Marahaba kabla hamjanisalimia. Nilifanya kazi duka la bunduki hapa mjini nikiwa kijana, kabla uwindaji haujapigwa marufuku 1977, baada ya hapo wateja wakakauka na mimi nikahamia vipuri vya magari. Kwa hiyo alama hizo nimezisoma kwa tochi na miwani mara nyingi kuliko gazeti.

BNP na taji ni nyumba ya kupimia bunduki ya Birmingham, wako kazini tangu 1813. Maana yake mtutu ulipigwa risasi ya majaribio yenye nguvu kupita kawaida, kwa baruti isiyo na moshi, ukasimama. .729 ndo upana wa mtutu kwa inchi, hiyo ni namba 12 halisi, kama milimita 18 na nusu. 2½ ni urefu wa chemba. 3 TONS ni presha ya kazi waliyoikubali, tani kwa inchi ya mraba. Kuandika kwa tani kulikuja na sheria zao za 1954, kwa hiyo imepimwa baada ya hapo. Mshukuru Mungu si ile mitutu ya zamani zaidi ya kusokotwa, ile yenye mawimbi kama maji, hiyo ningekwambia itundike ukutani.

Sasa, kipimo hicho ni cha mtutu na risasi za 12 zenye kiasi hicho. Hakuna mtu Birmingham aliyeipima na kibomba cha 9mm ndani. Ukitia kitu ambacho mpimaji hakukiona, alama zote hizo zimekuwa urembo.

#18 MwalimuTudor
Tani ya Muingereza ni pauni 2,240, mara tatu ni 6,720. Na namba 12 ya leo yaenda mpaka 11,500! Mbona ami yuko hai?

#19 Mkongwe_wa_Ganjoni
Mwalimu punguza mbio. Tani zile zilipimwa kwa kusaga kijipande cha shaba, wanaangalia shaba imebonyea kiasi gani. Hizo zako za leo zapimwa kwa umeme. Shaba ni nzito kuamka, haiioni kilele chote cha presha, yasoma chini. Huwezi kuchukua namba ya huku ukailinganisha na ya kule moja kwa moja. Tulikuwa na mteja alifanya hesabu hiyo hiyo akaja dukani anatetemeka.

#20 MwalimuTudor
Sawa mzee, hapo nimekosea na nakubali. Hesabu ya kitako cha ganda yabaki lakini.

#21 Fundi_wa_Changamwe
Yabaki! Na mimi nabaki. Mzee Mkongwe asema haikupimwa, sawa, hakusema itapasuka. Lori zangu nazo kiwandani hawakuzipima na slivu yangu.

#22 Mkongwe_wa_Ganjoni
Lori yako ikipasuka dereva yuko mita moja na nusu na kati yake na injini pana ukuta wa bati. Ami ameegesha shavu.

#23 Kijana_Mtopanga
swali la kijinga, kama adapta ni slivu tu si jua kali wa hapa wanaweza kuchonga kwa buku mbili

#24 Fundi_wa_Changamwe
Hapa mimi mwenyewe nasema HAPANA, na msije karakana kwangu. Chuma cha sokoni hujui kimetoka wapi, leo ni ekseli ya lori kesho ni kitu kimeyeyushwa na makopo. Kwa macho vyote vyang'aa sawa. Na huyo fundi atakipima na nini, na bega la ami? Halafu ukikamatwa unachonga vipande vya bunduki hakuna hakimu atakuelewa ukisema slivu.

#25 Mstaafu_Makupa
Naam, kwa mara ya kwanza tumekutana. Na hapo kwa hakimu tusipapite haraka. Cheti cha ami kimeandikwa ana bunduki gani na risasi za aina gani, ngapi. Risasi za 9mm atazinunua kwa cheti kipi? Akikutwa nazo kosa ni la risasi, hata kama kibomba chenyewe mtu atasema ni chuma tu. Na kibomba chenyewe kinachoifanya shotigani ipige risasi ya bastola, mimi nisingekaa nacho usiku mmoja bila kuwauliza bodi ya leseni kwa barua. Sheria ya silaha, sura ya 114, haichezi. Binamu alileta zawadi, zawadi yenyewe ni kesi.

#26 Msimamizi
Uzi ubaki kwa usalama. Anayeuliza pa kupata risasi nafuta. Nishafuta mbili.

#27 MwanaForti
Mzee Mkongwe umenikumbusha, hivi ile mizinga pale Fort Jesus, ule mmoja si ni wa meli ya Mjerumani? Huwa napita nao kila siku sijawahi kuuliza.

#28 Mkongwe_wa_Ganjoni
Ndiyo, wa Königsberg, ile ilojificha Rufiji ikamalizwa huko huko 1915. Wajerumani wakatoa mizinga yake ya sentimita 10.5 kwenye meli wakaitia magurudumu wakapigana nayo nchi kavu. Na jirani yake hapo ni mzinga wa Pegasus, meli ya Muingereza ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Unguja Septemba 1914. Maadui wawili wamewekwa uani pamoja. Na hao nao mizinga yao waliibadilisha kazi, lakini risasi ilibaki ile ile, elewa hapo.

#29 Chumvi_Nyingi
Kumbe uzi wa adapta. Nyani naye angekuwa na intaneti angesema tuendelee kubishana.

#30 Baharia_Likoni
Mwasahau chumvi ya hapa. Mimi niko na mashine za boti, najua chuma kikikaa ndani ya chuma hewa ya pwani kinafanya nini. Mtu akitia kibomba akakiacha usiku mmoja, unyevu waingia kati, asubuhi kimeshikana. Sasa utakitoa na nini, na nyundo? Na ukikitoa kutu imekula vitundu ndani ya chemba huvioni. Mimi nadhani hii ndo hatari ya kweli kwetu, si presha za Marekani. Na risasi zenyewe huku hulowa, yapiga kwa unyonge, pedi yake, kile kizibo kati ya baruti na marisau, yabaki katikati ya mtutu. Kwa namba 12 ukichungulia waiona imeziba. Kwa kibomba cha 410 waangalia kwa kitundu cha penseli, utaona nini?

#31 RukiaHouston
Hilo la pedi kubaki ndani bwanangu naye alisema, kila sauti ikiwa ya ajabu wasimama, watoa kibomba, wachungulia mtutu mzima. Halafu kuna adapta za risasi ndogo kabisa ya .22, hizo tundu lao halikai katikati, limesogezwa pembeni makusudi kwa sababu fataki ya .22, kile kiwashio cha baruti, iko kwenye ukingo wa ganda na pini ya shotigani yapiga katikati. Nilidhani imeharibika kiwandani nikataka kurudisha.

#32 Bi_Kibokoni
Babu yetu alikuwa na gobori, akalitia baruti ya arusi mbili, akapiga mara moja likamwangusha kwenye beseni la samaki. Hakuna adapta hapo.

#33 BinAmi_Kisauni
Bi umenichekesha kwenye matatu watu waniangalia.

Habari mpya. Ami kajaribu kukikalisha hicho cha 410 bila risasi ndani, aone tu kama bunduki yafunga. Yaingia vizuri, yalia tk, lakini ukitaka kufunga mitutu yakataa kidogo, lazima usukume kwa goti. Cha 9mm chafunga chenyewe. Kwa nini vitofautiane na vimetoka boksi moja?

#34 Fundi_wa_Changamwe
Ukosi wa kibomba ni mnene kuliko pahali pake. Pitisha msasa kidogo.

#35 Mkongwe_wa_Ganjoni
USIPITISHE MSASA. Ukipunguza ukosi kupita kiasi risasi yakaa ndani zaidi, pini yafika kwa shida au ganda larudi nyuma na kupasuka. Inaweza kuwa ukosi, inaweza kuwa urefu. Kibomba cha Marekani kimechongwa kwa chemba ya inchi 2¾ au 3, hii yenu ni 2½. Mbele chaweza kuwa chagonga koo la mtutu kabla hakijakaa. Cha 9mm ni kifupi hakifiki huko.

#36 MwalimuTudor
Au mitutu yenyewe imelegea kwenye bawaba na goti ndo lainyoosha. Bunduki ya miaka 60.

#37 Baharia_Likoni
Au kutu. Mimi nasimama na kutu.

#38 Mkongwe_wa_Ganjoni
BinAmi, wacha vibomba kwanza. Hizo risasi za namba 12 anazotumia siku zote, soma sanduku, zimeandikwa urefu gani?

#39 BinAmi_Kisauni
Nimempigia. Asema sanduku limeandikwa 70mm. Ni sawa?

#40 Mkongwe_wa_Ganjoni
Chemba yake ni 2½, hiyo ni kama 65. Risasi ikiwa haijapigwa yaingia bila tabu, imekunjwa mdomo. Ikipigwa mdomo wafunguka, wakosa nafasi, waingia kwenye koo la mtutu na kulibana, na marisau yapita hapo kwa nguvu. Presha yapanda. Amekuwa akipiga hizo tangu lini?

#41 BinAmi_Kisauni
Tangu babu.

#42 Fundi_wa_Changamwe
Miaka yote hiyo na haijapasuka. Si ndo nasema.

#43 RukiaHouston
Huku pia kuna wanaosema tofauti ya milimita tano presha haipandi sana kama risasi ni nyepesi. Wengine hawataki hata kusikia. Kwenye meza yangu hubishana mpaka nyama yaungua.

#44 Mstaafu_Makupa
Na yule mlinzi wangu alikuwa na miaka kumi na moja kazini kabla ya usiku ule.

#45 Mkongwe_wa_Ganjoni
Mwambie ami asipige chochote, si 410 si 12, mpaka nije. Kipimo cha chemba ninacho bado, kiko kwenye bati la biskuti na vifungo vya marehemu mke wangu. Jumamosi navuka Likoni na feri ya asubuhi, saa moja niko ng'ambo. Nitahitaji mtu wa kunipokea, magoti hayapandi boda boda.

#46 BinAmi_Kisauni
Mzee wangu nitakusubiri mwenyewe pale juu kwenye stendi. Ami asema mkewe atapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Na auliza, nyani wa wiki hii tuwafanyeje?

#47 Bi_Kibokoni
Gongeni sufuria.